Rivebu kwenye miksi ya 5.1: dabu haikai chumbani, herufi kali zinarukia spika za nyuma

Mchanganyaji_48k

Wakuu, salaam. Naomba msaada wa kitaalamu.

Onyesho ni la watu wawili sebuleni, dakika nne, miksi ya 5.1 (kati C, mbele kushoto L na kulia R, nyuma kushoto Ls na kulia Rs, pamoja na LFE ya masafa ya chini) kwa 48 kHz. Karibu theluthi ya mistari ni dabu (imerekodiwa upya studio), iliyobaki ni sauti ya bumu (maiki ya kwenye mti mrefu) ya siku ya kupiga picha. Mpangilio ulivyo sasa:

- Mazungumzo yote yako chaneli ya kati.
- Sendi moja (nakala ya mazungumzo) inaingia plagini ya rivebu, yaani mwangwi wa chumba, ya stirio, programu ya "chumba", muda wa kufifia sekunde 0.9, pridilei (ucheleweshaji kabla rivebu haijaanza) sifuri.
- Toleo lake linakwenda L na R. Nakala ya toleo hilohilo inakwenda Ls na Rs, imecheleweshwa milisekunde 20 na kushushwa 4 dB.

Matatizo ni haya. Mistari ya dabu inasikika imebandikwa juu ya picha. Nikiongeza rivebu, sebule inageuka ukumbi. Herufi s na sh zinarukia spika za nyuma kila mara. Na miksi ikishushwa hadi stirio, sauti inakuwa kama inatoka ndani ya bomba.

Sebule ni mita 6 kwa 4, dari mita 2.7, ina zulia, sofa na mapazia. Kamera iko mita 2 kutoka ukuta wa nyuma, katikati ya upana. Msemaji yuko mita 1.5 kutoka ukuta wa kushoto na mita 1.5 kutoka ukuta ulio mgongoni kwake.

Plagini za 5.1 hazipo. Zilizopo ni rivebu ya algorithimu ya stirio, konvolusheni ya stirio (rivebu inayotumia rekodi ya chumba halisi), dilei na ikwalaiza za kawaida. Inawezekana kujenga chumba kwa hizo?

---

Fundi_Mkia

Inawezekana, tena vizuri kabisa. Ila lazima ile nakala ya nyuma ife kwanza, maana matatizo yako mawili kati ya manne yanatoka hapo.

Ls yako ni L ileile iliyochelewa. Ikishushwa hadi stirio, kanuni ya kawaida ni L + 0.707 C + 0.707 Ls, yaani chaneli ya kati na za nyuma zinaingia zikiwa chini kwa 3 dB. Hapo L inakutana na nakala yake iliyochelewa 20 ms na kushuka jumla ya 7 dB. Mawimbi mawili yanayofanana yakikutana hivyo, masafa mengine yanaongezeka na mengine yanajifuta: mashimo yanaanza 25 Hz, halafu 75, 125, 175, kila baada ya 50 Hz hadi juu. Kwa viwango vyako, vilele vinapanda karibu 3 dB na mashimo yanashuka karibu 5 dB. Bomba unalolisikia ni hilo, na hakuna ikwalaiza itakayoliondoa.

Herufi s nazo zina sababu yake. Helmut Haas alionyesha, katika utafiti uliochapishwa 1951, kwamba sikio huiweka sauti pale ilipotokea kwanza, hata kama ya pili iliyochelewa kidogo ina nguvu zaidi. Lakini uvumilivu huo unategemea aina ya sauti. Irabu zikichelewa 20 ms bado zinaungana na sauti ya mbele. Mlio mkali na mfupi hauungani kwa muda mrefu hivyo, unajitenga baada ya milisekunde chache tu. Kwa hiyo "a" inabaki kwenye skrini na "s" inasikika nyuma. Ukiongeza na ukweli kwamba chaneli zako za nyuma hazina kizuizi chochote cha masafa ya juu, ndiyo hiyo unayoisikia.

Sasa ukubwa wa chumba. Piga hesabu ya Sabine, ya kukadiria muda wa kufifia, kabla ya kugusa plagini:

Ujazo: 6 × 4 × 2.7 = mita za ujazo 64.8.
Eneo la nyuso zote: mita za mraba 102.
Ukichukua wastani wa unyonyaji 0.25 (zulia, sofa, mapazia), unapata unyonyaji wa jumla 25.5.
Muda wa kufifia = 0.161 × 64.8 ÷ 25.5 = sekunde 0.41.

Wewe umeweka 0.9, zaidi ya mara mbili. Ndiyo maana kila ukipandisha rivebu sebule inapotea. Kwa kulinganisha, ukumbi wa 30 × 15 × 10 wenye unyonyaji wa wastani 0.2 unatoa kama sekunde 2.

Halafu kitu ambacho watu wengi wanakiruka: muda wa kufifia peke yake hauchori chumba. Sikio linatambua kuta kwa mirejeo ya mwanzo, ile sauti inayogonga ukuta mara moja na kurudi. Kinachohesabika hapo ni mirejeo imefika lini na imetokea upande gani. Umetoa vipimo, kwa hiyo hatuna haja ya kubahatisha. Sauti inakwenda karibu mita 343 kwa sekunde, yaani kila mita ni kama milisekunde 2.9. Chora msemaji wa pili upande wa pili wa kila ukuta, kama taswira kwenye kioo, pima umbali hadi kamera, kisha toa umbali wa moja kwa moja, ambao hapa ni mita 2.55. Kiwango kinashuka kwa umbali, na ukuta wenyewe unakula kama 1.2 dB. Matokeo:

Ukuta wa kushoto: 5.1 ms, −5.8 dB, unatokea nyuzi 54 hivi kushoto.
Ukuta wa kulia: 7.6 ms, −7.4 dB, nyuzi 61 kulia.
Ukuta ulio mgongoni kwa msemaji: 8.7 ms, −8.0 dB, karibu katikati.
Ukuta wa nyuma ya kamera: 11.6 ms, −9.4 dB, nyuma kabisa.

Sakafu na dari ziache. Zinatokea upande uleule wa msemaji, ila juu au chini yake, na 5.1 haina spika za juu, kwa hiyo zingelazimika kukaa chaneli ya kati na kuichafua.

Tengeneza aksi (njia za pembeni za miksi) nne za mono, kila moja na dilei isiyo na marudio, asilimia 100, bila sauti kavu (ile isiyo na rivebu). Wa kushoto upeleke L na Ls, L ikizidi kwa 3 dB, kwa sababu picha ya sauti kati ya spika ya mbele na ya nyuma upande mmoja haitulii kamwe. Msikilizaji akigeuza kichwa inahama. Wa kulia vilevile, R na Rs. Wa nyuma ugawe sawa Ls na Rs. Ule wa mgongoni kwa msemaji ungetakiwa kwenda chaneli ya kati, lakini dilei ya 8.7 ms juu ya sauti kavu ndani ya spika ileile inatoboa mashimo kila baada ya 115 Hz. Uzime mwanzoni, urudishe ukiwa na sababu.

Kila aksi ikate juu ya 7 kHz. Viwango nilivyoandika ni vya fizikia. Kwenye miksi viteremshe vyote kwa 5 dB uanzie hapo. Kamera haina masikio, na mtazamaji anataka kuelewa maneno.

Mkia sasa, yaani rivebu inayofuata baada ya mirejeo ya mwanzo. Fungua rivebu ya algorithimu mara mbili, moja ya mbele na moja ya nyuma, zote mbili zikilishwa na sendi ileile:

Mbele (L, R): 0.4 s, pridilei 12 ms, kata chini ya 180 Hz na juu ya 7 kHz.
Nyuma (Ls, Rs): 0.4 s, pridilei 18 ms, kata chini ya 200 Hz na juu ya 5 kHz, kiwango 3 hadi 4 dB chini ya ile ya mbele.

Mirejeo ya mwanzo ndani ya plagini zote mbili izime, maana umeshaijenga mwenyewe. Ukiiacha utakuwa na vyumba viwili vinavyogombana. Weka di-esa (kipunguza ukali wa s) kwenye sendi, kabla ya dilei na kabla ya rivebu, si kwenye sauti kavu: 5 hadi 8 kHz, ipunguze 6 dB kwenye s. Hiyo peke yake itatuliza nyuma kwa kiasi kikubwa.

Kukata chini ya 180 nako si mazoea tu. Kwa chumba hiki, chini ya kama 160 Hz (ni 2000 × kipeuo cha pili cha [0.41 ÷ 64.8]) sauti haifanyi tena mkia laini, inafanya milio michache ya chumba chenyewe: karibu 29 Hz kwa urefu, 43 kwa upana, 64 kwa kimo. Rivebu ya algorithimu haiigi hali hiyo. Inamwaga tope tu.

---

bumu_na_klipu

Mengi ya Fundi_Mkia nakubaliana nayo, ila kuna jambo moja litamkwamisha mleta mada. Yeye si kwamba anajenga chumba kutoka hewani. Anaoanisha dabu na sauti ya bumu, na bumu imekuja na rivebu ya sebule tayari ndani yake, tena yote mono, yote chaneli ya kati. Ukiiweka dabu kavu katikati na chumba pembeni, kila mstari wa bumu ukifuatiwa na wa dabu picha inapanuka ghafla, halafu inasinyaa. Huko "kubandikwa" kunatoka hapo kwa sehemu kubwa.

Kwa hiyo dabu inahitaji rivebu ndani ya chaneli ya kati. Najua wengi wanaikwepa, na wana haki kwa filamu iliyodabiwa yote. Hapa haikwepeki.

Utaratibu unaofanya kazi:

Kwanza ikwalaiza, kabla ya rivebu yoyote. Dabu imerekodiwa karibu na maiki, ina uzito wa 100 hadi 250 Hz ambao bumu haina, na ina mwangaza juu ya 8 kHz ambao umbali ungeumeza. Punguza 3 hadi 5 dB chini, laza juu kidogo. Usipofanya hivi utakuwa unaongeza rivebu ili kufunika kosa la toni, na kosa litabaki palepale.

Pili, pima rivebu ya bumu yenyewe badala ya kuamini hesabu tu. Tafuta mahali neno linakatika na kimya kinafuata, au kikombe kinagonga meza. Angalia inavyoshuka kutoka −5 hadi −25 dB, zidisha muda huo kwa 3, maana muda wa kufifia ni wa kushuka 60 dB. Ukipata 0.38 au 0.45, tumia hiyo. Kama kelele ya chumba inaufunika mkia kabla ya −25, tafuta neno lingine lenye nguvu zaidi.

Tatu, rivebu fupi ya mono kwenye chaneli ya kati kwa ajili ya dabu pekee. Hapa mirejeo ya mwanzo ya plagini iwashe, mkia uwe mdogo. Linganisha mstari wa bumu na wa dabu ukiwa umesikiliza spika ya kati peke yake. Zikilingana hapo, kazi ngumu imeisha.

Nne, chumba cha pembeni (zile aksi na mikia miwili ya Fundi) kipokee sendi kutoka dabu NA bumu. Bumu ipeleke kidogo, 5 au 6 dB chini ya dabu, maana inabeba rivebu yake. Lengo ni hewa ya pembeni isibadilike mstari ukibadilika.

Na usisahau sauti ya chumba tupu. Bila kelele ya chini ya sebule chini ya mistari ya dabu, hata rivebu kamilifu itasikika imekatwa na mkasi.

---

Fundi_Mkia

Hoja ya chaneli ya kati naikubali kwa onyesho hili. Naongeza tahadhari: rivebu hiyo ya mono iwe na mirejeo mingi iliyosambaa. Mrejeo mmoja mkubwa ndio unaotoboa. Sita au nane isiyolingana inajaziana mashimo. Plagini nyingi zina kidhibiti cha msambao, kipandishe.

---

Mchanganyaji_48k

Shukrani sana wakuu. Nimejenga yote na tofauti ni kubwa, hasa s za nyuma zimetulia. Yamebaki matatu:

1. Mita ya korelesheni (kufanana kwa chaneli mbili, +1 ni sawa kabisa) kati ya L na Ls inayumba huku na huko, haitulii karibu na sifuri, ingawa ni plagini mbili tofauti. Nikilinganisha pridilei inasimama karibu +1.
2. Kwenye sekunde ya 50 mmoja anatembea kutoka karibu na kamera hadi mlangoni, kutoka mita 1 hadi kama mita 3.5. Nikipandisha sendi tu inasikika kama ameingia bafuni.
3. Konvolusheni ingekuwa bora kuliko hii?

---

impalsi_nne

Najibu la 1 na la 3.

Rivebu ya algorithimu ni mtandao wa dilei. Muundo alioueleza mtafiti Manfred Schroeder mwaka 1962 ulikuwa dilei kadhaa zenye kurudisha sauti zikiwa sambamba, zikifuatiwa na vichujio vya kuzidisha msongamano, na rivebu nyingi za leo ni watoto na wajukuu wa wazo hilo. Urefu wa dilei hizo unaamuliwa na kidhibiti cha ukubwa. Namba zikifanana na chanzo kikafanana, toleo linafanana sampuli kwa sampuli. Kufungua plagini mara mbili hakukupi vyumba viwili, kunakupa chumba kimoja mara mbili. Umerudi kwenye ile nakala ya mwanzo kupitia mlango wa nyuma.

Tofautisha ukubwa: kama ya mbele ni 30, ya nyuma iwe 32 au 33. Muda wa kufifia uache 0.4 kwa zote, vinginevyo mbele na nyuma vitafifia kama vyumba viwili. Kama plagini ina modulesheni, iwashe kidogo, kina kidogo sana. Kwenye mazungumzo modulesheni nzito inayumbisha irabu ndefu. Unaweza pia kubadilishana matoleo ya nyuma, kushoto kwenda Rs na kulia kwenda Ls, lakini hiyo ni nyongeza, haitoshi yenyewe. Mita ikicheza kuzunguka sifuri, kati ya −0.2 na +0.3, umefika. Pima jozi zote: L na R, L na Ls, R na Rs, Ls na Rs. Ikisoma hasi sana, −0.6 na kwenda chini, mkia utapungua ukishushwa hadi mono.

Jaribio la masikio: tuma mlio mmoja mfupi kwenye rivebu, sikiliza L na Ls pekee. Ukisikia nukta iliyosimama ubavuni, bado zinafanana. Ukisikia upana usio na mahali, sawa.

Konvolusheni: kwa chumba halisi ambacho unaweza kukirekodi, hasa hiki cha sebule, ndiyo, kwa kuoanisha dabu inashinda. Lakini faili la impalsi (rekodi ya jinsi chumba kinavyojibu mlio mmoja mfupi) la stirio lililopakuliwa tu halitakupa 5.1. Unahitaji faili lenye chaneli nne zilizorekodiwa wakati mmoja, maiki nne, mbili zikitazama mbele na mbili nyuma, zimetengana mita moja au zaidi ili mikia isifanane. Kisha konvolusheni mbili za stirio: moja inabeba chaneli za mbele, nyingine za nyuma.

Kama bado mnaweza kuingia sebuleni: weka spika pale alipokuwa msemaji, kimo cha mdomo, itazame kamera. Piga swipu (mlio unaopanda masafa) ya logarithimu 20 Hz hadi 20 kHz, sekunde 15 hivi, halafu sekunde 3 za kimya. Swipu ndefu inainua sauti juu ya kelele ya chumba. Ukiigeuza kuwa impalsi, upotoshaji wa spika unajikusanya kabla ya mlio mkuu, na unaukata kwa urahisi. Ndiyo faida ya swipu ya logarithimu juu ya kupasua puto.

Mahali watu wanapoharibu:

Kukata mwanzo wa kila faili kivyake. Maiki ya nyuma inapokea sauti baadaye kuliko ya mbele, na tofauti hiyo ndiyo chumba. Kata idadi ileile ya sampuli kwenye faili zote nne. Vivyo hivyo usipandishe kiwango cha kila faili hadi kileleni. Pandisha zote kwa kiasi kimoja.

Kuacha mlio wa moja kwa moja ndani ya impalsi. Sauti kavu unayo tayari, kwa hiyo ukiiacha utaisikia mara mbili, tena safari hii ikitoka pembeni. Ifute kwenye chaneli zote nne, lakini ibadilishe na kimya cha urefu uleule, usivute faili mbele.

Mkia unaoishia kwenye kelele. Impalsi ya chumba cha 0.4 s haina kazi baada ya sekunde moja. Ififishe kabla haijafika kwenye kelele, la sivyo kila neno litavuta upepo nyuma yake.

Sampo reti. Faili la 44.1 kHz likisomwa kama 48 bila kubadilishwa, chumba kinasinyaa kwa asilimia 8 na toni inapanda. Plagini nyingi zinabadilisha zenyewe, lakini hakikisha.

Na ucheleweshaji wa plagini yenyewe. Baadhi ya konvolusheni zinachelewesha, mathalani sampuli 1024, ambazo kwa 48 kHz ni 21.3 ms. Kama programu yako haifidii ucheleweshaji kwenye aksi, pridilei yako ya 12 ms imekuwa 33 na hujui.

Usiuze algorithimu zako lakini. Impalsi ni picha ya mtu aliyesimama mahali pamoja. Akitembea, kama kwenye swali lako la 2, haiwezi kumfuata.

---

Fundi_Mkia

Swali la 2.

Mtu akienda mbali, rivebu haiongezeki. Sauti ya moja kwa moja ndiyo inayopungua, 6 dB kila umbali ukizidishwa mara mbili, wakati mkia unabaki karibu vilevile kwa sababu chumba kinajaa sauti kiasi kilekile. Kutoka mita 1 hadi 3.5 sauti kavu inashuka karibu 11 dB kwa fizikia. Hakuna atakayekuruhusu kushusha mazungumzo 11 dB, kwa hiyo gawa: shusha sauti kavu 4 hadi 5 dB, na sendi ya mkia iwe ya kabla ya feda (kidhibiti cha kiwango) ili isishuke nayo. Ongeza mkia 1 hadi 2 dB tu. Ukipandisha sendi peke yake, jumla ya nguvu inapanda huku mtu anaenda mbali, na sikio linasoma vigae.

La pili, pridilei inafupika. Akiwa karibu na kamera, mirejeo inachelewa sana nyuma ya sauti yake. Akiwa mlangoni, njia ya moja kwa moja imekuwa ndefu na tofauti imepungua. Isogeze mkia wa mbele kutoka 15 ms hadi kama 6. Usiiendeshe kwa otomesheni wakati anasema, plagini nyingi zinatoa mikwaruzo au kupinda toni. Tumia rivebu mbili, "karibu" na "mbali", uhamishe sendi kutoka moja hadi nyingine kati ya maneno.

La tatu, zile aksi nne za dilei zilihesabiwa kwa mahali pamoja. Kwa anayetembea, punguza mirejeo ya pembeni 3 dB akifika mlangoni na uiache hivyo. Kuhesabu upya kila hatua ni kujitesa, hakuna atakayesikia.

Laza pia masafa ya juu ya sauti kavu kidogo, 2 dB juu ya 6 kHz, hasa kama anageuka mgongo. Akigeuka, hilo linafanya kazi kubwa kuliko rivebu yoyote.

---

db_themanini

Hakuna aliyeuliza kuhusu spika zenyewe, nami nashangaa, maana maamuzi yote hapo juu ya "3 dB chini kwa nyuma" yanategemea nyuma imesawazishwaje.

Kelele ya waridi (kelele ya majaribio yenye masafa yote), −20 dBFS, spika moja moja, mita ya sauti kwenye mkao wa C na mwendo wa polepole, mahali pa kichwa. Kwa chumba kidogo 79 dB inatosha, spika zote tano sawa. Kwenye vyumba vya sinema kila upande wa nyuma huwekwa 3 dB chini ya mbele, 82 dhidi ya 85. Ukichanganya kwenye mpangilio mmoja na kazi ikachezwa kwenye mwingine bila kusahihisha, rivebu yako ya nyuma imehama 3 dB nzima. Jua kazi inakwenda wapi kabla ya kugusa feda.

Umbali nao. Spika za nyuma zikiwa mita 1.2 na za mbele mita 2, nyuma inawahi kwa 2.3 ms. Icheleweshe kwa kiasi hicho kwenye mfumo wa kusikilizia, si ndani ya miksi. Pembe: mbele nyuzi 30 kila upande, nyuma kati ya 100 na 120. Wengi wanazisukuma hadi kona za nyuma kwa sababu ndiko kuna nafasi, halafu ubavu mzima unabaki na tundu ambalo mirejeo ya ukuta wa kushoto haiwezi kulijaza.

Na kama chumba chako cha kuchanganyia kina muda wa kufifia wa 0.5 s, huwezi kuhukumu mkia wa 0.4. Chumba chako kinaufunika. Utaweka zaidi ya unavyohitaji kila mara. Blanketi nene nyuma ya kichwa na pembeni kwa kipindi cha kuweka rivebu si aibu.

Kuhusu kushusha hadi stirio: hata mikia ikiwa haifanani kabisa na hakuna mashimo, mazungumzo yatasikika na rivebu zaidi. Namba hazijabadilika sana. Kilichobadilika ni kwamba kwenye 5.1 mkia ulitoka pande ambazo maneno hayapo, na sikio liliweza kuvitenganisha. Kwenye stirio vyote vinatoka mbele na mkia unafunika konsonanti. Weka kompresa kwenye aksi za mikia, inayoendeshwa na mazungumzo makavu: ipunguze 3 dB wakati mtu anasema, iachie kwa kama 200 ms ili mkia uchomoze neno likiisha. Sikiliza 5.1 na stirio kwa kupokezana kila baada ya dakika chache, usisubiri mwisho.

---

Mchanganyaji_48k

Korelesheni sasa inacheza kati ya 0 na +0.2 baada ya kutofautisha ukubwa. Mkono kwa wote. La mwisho: LFE ipate rivebu kiasi gani? Na mlango ukifunguliwa kwenye sekunde ya 70 na sauti ya ukumbi wa nje ikaingia, nibadilishe rivebu ya mazungumzo?

---

db_themanini

LFE sifuri. Mara nyingi inaachwa nje kabisa miksi ikishushwa hadi stirio, na inachezwa 10 dB juu kuliko chaneli nyingine, kwa hiyo hata tone dogo la rivebu linavuma. Sabufa ya msikilizaji itapokea masafa ya chini ya chaneli nyingine kwa njia yake yenyewe, kwa kawaida chini ya 80 Hz, nawe umeshakata chini ya 180.

---

bumu_na_klipu

Mlango: rivebu ya waliomo sebuleni iache ilivyo, labda mkia upungue 1 dB kwa sababu sauti sasa ina pa kutokea. Kinachobadilika ni sauti za nje. Hizo zipe rivebu ya ukumbi, mkia mrefu, kata juu ya 4 kHz, ziweke zitokee upande mlango ulipo kwenye picha. Kama mlango uko kushoto mbele, mkia wa ukumbi uwe L na C kidogo, usiupeleke nyuma kote, maana nyuma bado ni sebule. Upandishe mlango unapofunguka, fremu kwa fremu, na lile kato la 4 kHz lipande pamoja hadi 9 au 10. Mlango uliofungwa unazuia masafa ya juu zaidi kuliko ya chini, hivyo mwendo huo wa kichujio ndio utakaouza mlango kuliko kiwango.